Mafuta ya Sufu kwa Maganda ya Rui

Kondoo nilimjua kwa harufu kabla sijamwona kwa macho. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tunaishi Turffontein, kusini mwa Johannesburg, mahali ambapo mnyama mkubwa niliyewahi kumwona kwa karibu alikuwa farasi wa mashindano, naye nilimwona mgongo tu kwa juu ya ukuta akipelekwa kukimbia. Lakini gereji ya mwenye nyumba wetu, Mzee Anselmo, ilinuka kondoo. Ilikuwa harufu nzito, yenye utamu kidogo na uchafu kidogo, kama sweta la sufu lililonyeshewa na mvua halafu likasahaulika kwenye kiti. Chini yake kulikuwa na ukali wa spiriti, na chini zaidi kulikuwa na harufu ya shaba, ile inayobaki kiganjani ukishika sarafu muda mrefu. Mpaka leo mtu akifungua mbele yangu kikopo cha lanolini, yale mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye sufu ya kondoo, mimi sipo tena pale nilipo. Niko uani kwa Mzee Anselmo, chini ya mzabibu uliopukutika majani, kichwa changu kimesukwa nusu, na mama yangu amenyamaza ile namna yake ya kunyamaza iliyotutia hofu kuliko kelele.

Wazazi wangu ni watu wa Uvira, mashariki ya Kongo. Baba ni fundi cherehani na Mama ni msusi, na mimi nililetwa Johannesburg nikiwa mdogo kiasi kwamba safari yenyewe siikumbuki. Ninachokumbuka ni Diepsloot, kaskazini kabisa ya jiji, ambako Baba alikuwa na kibanda cha kushonea ubavuni mwa spaza, yaani kiduka cha mtaani, ya jirani yetu. Mwaka 2015 watu walikuja kuvunja maduka ya wageni katika mtaa wetu, na Baba akatoka mbio na cherehani begani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mama alitoka na mimi mkono mmoja, na mkono wa pili akabeba mfuko wa plastiki wenye mistari, ule mfuko mkubwa ambao kila mhamiaji anaujua na anauchukia. Ndani ya mfuko huo, pamoja na vyeti na sufuria mbili, kulikuwa na mapazia ya kijani yenye maua ya njano ambayo Baba alikuwa ameyashona kwa ajili ya dirisha letu. Baada ya hapo tulihamahama, mara kwa shemeji, mara kwa watu wa kanisani, mpaka tukafika Turffontein. Kila tulipofika Mama alitoa vyeti, akatoa sufuria, mapazia akayaacha mfukoni. Dirishani alipigilia shuka la zamani kwa misumari. Nilipomuuliza alinijibu kwamba pazia hutundikwa na mtu anayekaa, na sisi bado tulikuwa watu wa kupita.

Mimi nilitaka kukaa. Sijui kama watu wazima wanafahamu jinsi mtoto anavyoweza kupenda bomba la maji. Pale Turffontein bomba lilikuwa uani, letu na Mzee Anselmo tu, halina foleni wala ugomvi. Shule ilikuwa karibu, nilikwenda kwa miguu na kuvuka robot moja tu, zile taa za barabarani. Nilikuwa na rafiki aliyenisubiri kwenye kona, na mwalimu ambaye hatimaye alijua kulitamka jina langu, Mapendo, bila kulikata mkia. Nilikuwa nimechoka kuwa yule mgeni anayesimamishwa mbele ya darasa. Kila jioni nilikuwa nautazama ule mfuko wenye mistari juu ya kabati nikiuchukia kama mtu.

Mzee Anselmo alikuwa Mreno, lakini alizaliwa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ambako baba yake alikuwa na duka. Kiswahili alikijua kutokana na watoto wenzake wa huko, na ndicho kilichotupatia chumba. Siku tulipokuja kuulizia, Mama alinigombeza getini kwa kuburuza viatu, na sauti ya kizee ikajibu kutoka ndani, "Mwache mwana, mama, njia ndefu." Mama alishtuka akadhani anasemwa na mzimu. Kiswahili chake kilikuwa kama nguo iliyokaa sandukuni miaka mingi, safi lakini kimejaa mikunjo, na alipokwama alichomeka Kireno na kuendelea mbele bila aibu. Alikuwa mrefu, mkavu, mjane, na mikono yake ilitetemeka. Chai alikunywa kwa kuinamia kikombe mezani, maana kikombe kikimfuata mdomoni kilifika nusu.

Kazi ya gerejini Baba aliianza kwa siri. Nasema siri, ingawa yeye mwenyewe angesema hakuwahi kudanganya. Mzee Anselmo alimwomba amsaidie Jumamosi, na Baba ni mtu ambaye neno hapana limemkaa kooni tangu azaliwe. Mama alipouliza anafanya nini kule, alijibu anasafisha vitu vya shaba. Mama akafikiri ni vinara, au vile vyombo vya mapambo wanavyovipenda Wareno. Jumamosi mbili zilipita kwa amani. Ya tatu Mama alikwenda kuomba ngazi, akafungua mlango wa gereji, na akaona juu ya meza maganda ya risasi yamesimamishwa mstari, yanang'aa, marefu kama kidole. Alirudi bila ngazi. Alikaa kitandani akamsubiri Baba aingie, na nilijua hapo hapo kwamba siku zetu za bomba la uani zimeingia mashakani.

"Ulisema uko nasafisha shaba," Mama alisema.

"Njo shaba ile."

"Ile ni masasi."

"Ni maganda tu, Mama Mapendo. Hamna kitu ndani."

"Na Safari naye aliona vile vile," Mama akasema. "Aliona hamna kitu ndani."

Safari alikuwa kaka yake Mama. Habari zake niliambiwa mara moja tu, na kwa maneno machache. Kule Uvira, asubuhi baada ya mapigano, watoto walikuwa wakitoka kuokota maganda ya risasi barabarani. Walikuwa wakiyavaa vidoleni na kuyagonganisha, wanapuliza kama filimbi, mengine wanauza kwa wanunuzi wa vyuma. Safari alikuwa na miaka kumi na mitatu. Asubuhi moja, ganda aliloliokota halikuwa tupu. Hayo tu. Mama alikuwa mdogo kwake, na alikuwa amemfuata kwa nyuma kwa sababu kaka yake alikuwa amemwahidi la kwanza atakalookota.

Kwa hiyo Mama aliamua tuhame. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hawezi kulala ukuta mmoja na masasi, na kwamba shule zikifungwa kwa likizo ya baridi tutaondoka. Alimtafuta mtu wa kanisani kwetu, akapata chumba katikati ya jiji, ghorofa ya nne kwenye jengo la zamani, kanisa chini na mafundi viatu mlangoni. Nilipelekwa kukiona. Choo kilikuwa cha watu wa ghorofa nzima, na maji yalipandishwa kwa ndoo. Nililia ndani ya teksi wakati wa kurudi, nikamwambia Mama nina mafua. Alinipa leso. Nadhani alijua, maana na yeye alikuwa ametazama nje njia nzima.

Katika wiki zile zilizobaki Baba aliendelea kwenda gerejini, kwa sababu alikuwa ameahidi, na mimi nilikwenda kusimama mlangoni kwa sababu ya hasira ya kutaka kujua ni kitu gani hasa kinachotufukuza. Nilichokiona kilikuwa kazi ya upole mno. Ganda la risasi likishapigwa hutanuka, likachukua umbo la tumbo la bunduki iliyolipiga. Ukitaka kulitumia tena ni lazima ulirudishe katika kipimo chake, na hilo hufanywa kwa kulisukuma ndani ya kalibu ya chuma kigumu, kwa mashine ya mkono yenye wenzo mrefu iliyofungwa mezani. Kuingia kwake ni kwa nguvu. Shaba ikigusana na chuma bila mafuta, inashika, na ikishashika haitoki. Ndipo inapokuja habari ya mafuta. Baruti na fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, hatukuvigusa wala kuviona, vilikuwa ndani ya sefu ya Mzee Anselmo, leseni yake na ufunguo wake, na siku ya kuvitumia alifunga mlango akabaki peke yake. Baba alishika maganda matupu tu.

Juu ya mafuta Mzee Anselmo angeweza kusema tangu asubuhi mpaka chai ya jioni. Kulikuwa na ya kopo la kupuliza, ya dukani, aliyoyadharau kwa sababu wanaoyanunua ni watu wa haraka, wanapuliza na kusukuma hapo hapo kabla hayajakauka. Kulikuwa na nta laini ya kikopo, ya kupaka kwa vidole, aliyoiheshimu lakini hakuiweza tena, maana kidole kinachotetemeka hupaka huku kikaruka kule. Na kulikuwa na ya kwake mwenyewe, lanolini kidogo ndani ya spiriti nyingi, kwenye chupa aliyoitikisa kwa mikono miwili. Aliyapulizia maganda kwa mbali, akayaacha mpaka spiriti iruke yote na mafuta yabaki utando usioonekana. Akimwonyesha Baba alilishika ganda kama anayeshika mtoto mchanga: hapa tumboni paka, hapa begani linapoanza kubana hapana, shingoni kwa ndani gusa tu na brashi. Yakizidi, mafuta hukosa pa kwenda ndani ya kalibu, yakalibonyeza bega la ganda likawa na kibonyeo. Yakipungua, umekwama. Na ukimaliza, futa yote, usiache hata harufu, maana mafuta yakibaki yataiua fataki, na ganda lenye utelezi huisukuma bunduki nyuma kwa nguvu mno inapofyatuliwa. Baba alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Nilipenda kumwona anafundishwa. Nyumbani yeye ndiye aliyejua kila kitu cha mikono.

Maganda mengine yalikaa kwenye ndoo ya plastiki, lakini kulikuwa na kisanduku kimoja cha mbao ambacho Mzee Anselmo hakukichanganya na chochote. Hicho alikuwa amesema watakifanya mwisho, kabla ya safari yake ya kuwinda ya kila mwaka. Baba hakuuliza kwa nini. Si mtu wa kuuliza.

Jumamosi ya kukifanya kisanduku hicho ilikuwa ya mwezi wa sita, jua kali lisilo na joto, anga la bluu tupu kama linavyokuwa Johannesburg wakati wa baridi. Kutoka uwanja wa farasi tulisikia kipaza sauti kinataja majina ya farasi kwa haraka, halafu kelele za watu, halafu kimya. Mfuko wa mistari ulikuwa umeshateremshwa, umewekwa mlangoni. Tulikuwa tuhame wiki inayofuata. Mama alinikalisha chini kati ya magoti yake, pale chini ya mzabibu, akasema hawezi kunipeleka kwa watu wapya na kichwa kile. Alisuka kama alivyosuka siku zote: tone la mafuta juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, ncha ya kidole cha kulia inachota kidogo kidogo kutoka pale, inapita kwenye njia ya ngozi, inarudi. Mafuta yake aliyachanganya mwenyewe kwenye mtungi wa kioo uliowahi kuwa wa jemu. Mlango wa gereji ulikuwa wazi hatua chache kutoka tulipokaa, na Mama alikuwa ameupa mgongo makusudi.

Chupa ya Mzee Anselmo ilikuwa imekwisha. Alikwenda duka la dawa kutafuta lanolini, akamwambia Baba amsubiri. Baba hakusubiri. Alitaka mzee akirudi akute kazi imeanza, ilikuwa ni namna yake ya kuomba radhi kwa kuhama. Na Baba alikuwa na imani moja isiyotikisika, nayo ni mafuta ya cherehani. Aliyatia kwenye bawaba, kwenye zipu, kwenye baiskeli ya jirani, na wakati wa baridi kwenye goti lake mwenyewe. Kwa miaka mingi mafuta yale hayakuwahi kumwangusha. Basi akachukua kichupa chake, akalipaka ganda la kwanza kutoka kisanduku cha mbao, akalipaka vizuri, kwa heshima, akashusha wenzo. Liliingia. Akainua wenzo, halikutoka. Akaongeza nguvu. Sisi tulisikia mlio mmoja mdogo, tak, kama jino linalovunjika. Kitako cha ganda kilikuwa kimechanika, na mwili wake umebaki ndani ya kalibu. Mafuta ya cherehani ni mepesi. Chini ya mgandamizo ule yalikuwa yamekimbia yote, yakaiacha shaba na chuma vikamatane.

Mzee Anselmo aliingia getini muda si mrefu, mkate kwapani, lanolini hakuna, duka la dawa lilikuwa limefunga mapema. Alimwona Baba amesimama na mikono imening'inia, akatazama mashine, akatazama kisanduku kilichofunguliwa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitafuta kigoda akakaa, mkate bado kwapani.

"Nilizania mafuta ni mafuta," Baba alisema.

"Hili la Rui," Mzee Anselmo akasema. "La Rui hili, pá, jamani."

Vidole vya Mama vilisimama kichwani mwangu. Nilisubiri vianze tena, havikuanza. Halafu, bila kugeuka, aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya vitunguu, "Rui ni nani?"

Mzee Anselmo alijibu akitazama sakafu, na tulimsikia wote. Rui alikuwa mwanawe, wa pekee. Alikufa barabarani akirudi kazini, gari tu, kama watu wanavyokufa. Baridi ya mwaka ule kabla hajafa alikuwa amewinda kwa rafiki zake kule kaskazini, na maganda ya kisanduku kile ndiyo aliyoyapiga mara ya mwisho, akayaokota mwenyewe nyasini moja moja, akayarudisha nyumbani kwa baba yake yajazwe. Tangu hapo kila baridi mzee alikwenda na rafiki wale wale, na bunduki ya Rui, na maganda ya Rui. Shaba huchoka. Kila mwaka moja mbili hupasuka shingo. Alisema yakiisha yote ataacha kuwinda, na kwamba hakutaka yaishe haraka, na kwamba anajua ni upuuzi. "Si masasi haya, mama," alisema. "Ni vitu alivyoshika mwana."

Sijawahi kumwuliza Mama kilichompitia wakati ule, na sasa naona sitamwuliza. Najua nilichokiona. Alinisukuma kidogo mbele, akasimama, akauchukua mtungi wake wa jemu, akaingia gerejini. Nilimfuata, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakichukua kichupa cha cherehani, akakinusa, akamtazama Baba. Baba akatazama pembeni. Kisha Mama akafungua mtungi wake, na harufu ya kondoo ikatoka. Kumbe ndiyo ile ile. Lanolini aliinunua kwenye maduka ya jumla mjini, akiiongezea kwenye mchanganyiko wake kwa ajili ya vichwa vilivyokauka. Miezi yote ile tulikuwa tumeishi nayo ndani ya chumba chetu na sikuitambua, kwa sababu kwa Mama ilikuwa imefunikwa na marashi ya nazi.

"Hii ina manukato," Mzee Anselmo alisema baada ya kuinusa, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulicheza.

"Yatanukia," Mama akajibu.

Akatia tone juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye kisanduku, ukasimama juu yake, ukabaki pale. Nilitaka kumwambia aache, twende, nitakaa ghorofa ya nne na nitapandisha maji. Halafu alichukua ganda moja kwa vidole viwili. Alilishika wazi, mbali na mwili, akachungulia ndani yake, akaligeuza mdomo chini akaligonga kiganjani, akachungulia tena. Lilikuwa tupu. Ndipo akaanza kulipaka.

Kulikuwa na kalibu nyingine ya zamani ya kipimo kile kile, na Mzee Anselmo alimwelekeza Baba kuifunga. La kwanza la Mama liliharibika. Alilipaka kama kichwa changu, kwa ukarimu, na lilipotoka lilikuwa na kibonyeo begani. Nilimtazama mzee kwa hofu. Alilishika, akalizungusha kwenye mwanga, akasema, "Hiki si kichwa cha mwana, mama. Hakina kiu." Akaeleza kwamba kibonyeo kidogo kama kile kitanyooka chenyewe ganda likipigwa, asiwe na wasiwasi. Mama akafuta mkono wake, akatia tone dogo zaidi. La pili lilikuwa jema. La tatu Baba alishusha wenzo na kuuinua kwa kidole kimoja, akacheka kwa mshangao.

Walifanya kisanduku chote. Mama alipaka, Baba alisukuma, na Mzee Anselmo, kwa ile mikono yake, alifuta kila moja kwa kitambaa, kazi ambayo kutetemeka hakuiharibu. Kipaza sauti cha farasi kilikuja na kuondoka. Katikati ya kazi, bila kuinua macho, Mama alisema, "Kaka yangu alikuwa na kumi na tatu." Mzee hakuuliza kaka gani wala kumi na tatu nini. Alisema, "Rui thelathini na moja," akaendelea kufuta. Sikuwahi kusikia mazungumzo mafupi kama yale, na sijui kama nimewahi kusikia mengine yaliyosema mengi zaidi.

Lile lililokwama walilitoa mwisho. Mzee Anselmo alitoa maelekezo na Baba akatoboa kitako chake kwa keekee, akakata njia za skrubu ndani yake, akakaza bolti mpaka ganda likavutwa taratibu na kuteleza nje. Kalibu ilikuwa nzima. Ganda lilikuwa limekwisha, kitako kimechanika na kina tundu. Baba alilishika asijue aliweke wapi.

"Lile naliomba," Mama alisema.

Mzee Anselmo alimwashiria Baba ampe. "Lichukue," akasema. "La kwako."

Siku ile ile, kabla jua halijaondoka uani, Mama aliuinamia mfuko wa mistari mlangoni, akatoa mapazia ya kijani, akayakung'uta. Yalikuwa na mikunjo migumu ya miaka miwili. Kule Diepsloot alikuwa akilalamika kwamba pazia la upande wa kulia ni jepesi, upepo ukija linaruka. Akampa Baba lile pazia na lile ganda. Baba alielewa bila kuambiwa, na hapo ndipo ninapomsamehe kila kichupa chake cha cherehani. Alilainisha kwa tupa kile kitako kilichochanika kisiumize mtu, akafumua pindo la chini, akalaza ganda ndani, akashona. Kisha aling'oa misumari na kuliteremsha shuka. Mapazia yalikuwa mafupi kwa dirisha lile, yalikomea juu ya kizingiti.

"Hatuhami?" niliuliza.

"Kichwa chako bado upande mmoja," Mama alisema. "Njoo ukae."

Lakini mwanga ulikuwa umekwisha, na kesho yake nilikwenda kanisani na kitambaa kichwani. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikujali.

Nisije nikamfanya Mama mtu mwingine. Bunduki hakuzipenda, na hazipendi. Siku Mzee Anselmo alipofunga mlango wa gereji kujaza baruti, Mama alinichukua tukaenda kutembea mpaka jioni. Mzee aliporudi kutoka kuwinda alituletea biltongi, nyama iliyokaushwa, ya swala. Mama aliila, akasema ina chumvi nyingi. Hata hivyo kila mwezi wa sita alipeleka mtungi wake gerejini, ule usiotiwa manukato, akapaka kisanduku cha mbao, na kila mwaka maganda yalikuwa yamepungua kidogo. Mwaka 2019 Mzee Anselmo alichukuliwa na mtoto wa dada yake kwa sababu mikono ilikuwa imeshindwa hata kukata mkate. Kisanduku alikwenda nacho. Kilikuwa bado na maganda ndani, na nafurahi kwamba hayakuisha kabla yake. Nyumba iliuzwa, na sisi tukapanga Rosettenville, si mbali. Mama alitundika mapazia siku ya kwanza, kabla ya kitanda.

Sasa ninaishi peke yangu, katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, jengo linalofanana sana na lile lililoniliza ndani ya teksi. Maji yanapanda yenyewe siku nyingi. Mapazia ya kijani Mama alinipa mimi, ndani ya ule mfuko wa mistari, nayo yamefifia mpaka maua huyaoni kama hujui yalikuwepo. Upepo ukija kutoka kwenye vituo vya teksi, la kushoto linaruka, la kulia linasogea kidogo tu na kugonga ukuta mara moja, tak, halafu linatulia. Wageni hudhani ni mjusi. Mambo ya huku hayajabadilika kama tulivyotumaini. Bado kuna wiki ambazo maduka yanafungwa mapema na watu wetu wanatembea wawili wawili. Wiki moja ya namna hiyo, si zamani, Mama alinipigia simu. Hakuuliza kama nimekula. Aliuliza kama vyeti vyangu viko pamoja, nikamwambia viko. Aliuliza kama simu ina chaji. Halafu akauliza ule mfuko wa mistari nimeuweka wapi, niuweke karibu na mlango.

Nilizunguka chumba changu chote, nikatazama chini ya kitanda, nikatazama juu ya kabati, simu sikioni, Mama anasubiri. Ilibidi nimwambie ukweli, kwamba sijui uko wapi.